Nusu Pigo Nyuma

Jumatatu, 16 Septemba

Daftari hili nimelinunua Kanazi kwa ajili ya umeme. Nilitaka kuandika kila unapokatika, saa na dakika, nione kama kuna utaratibu wowote, maana nimechoka kupoteza kazi ya siku nzima kwa kufumba na kufumbua. Leo umekatika mara tatu kabla ya chakula cha mchana na tayari nimechoshwa na hesabu hiyo. Basi nitaandika mengine.

Atakayeliokota ajue kuwa mimi ni Clarisse Ntirampeba, miaka ishirini na saba, prodyuza wa muziki, Bugarama, wilaya ya Ngara. Ndiyo, Bugarama. Watu wa Dar wakiniuliza studio yangu iko wapi huwa nawajibu "mpakani", nao wananyamaza kwa heshima. Hawajui kwamba ni chumba cha Bibi cha kuwekea maharage, nilichokibandika trei za mayai ukutani na godoro kuukuu mlangoni. Nachanganya singeli, amapiano na ngoma za kwetu, mpaka hata mimi sijui niuite muziki gani. Kwa kula narekodi kwaya. Kila kwaya inataka "biti kidogo tu, lakini isiwe ya dunia".

Mvua imeanza. Bibi amepanda shamba la juu lote leo, kwa jembe, akiwa na miaka sabini na moja, huku mimi nikipambana na waya wa maiki. Alinitazama kwa huruma.

Jumatano, 18 Septemba

Mvua. Umeme hakuna. Nimepanda maharage.

Jumapili, 22 Septemba

Leo nimepata kitu.

Kila Jumapili baada ya misa, Bibi Ildefonsa huvuka bonde kuja kwetu. Yeye ni Mhangaza wa hapa hapa, kwao wamezikana kwenye kilima kile tangu enzi. Bibi yangu, Francisca, ni Mrundi, alikuja mwaka 1972 akikimbia mauaji ya kwao. Wakikutana hawasalimiani kama watu wengine. Wanashikana mabega, wanatazamana, halafu wanaimba. Warundi huiita akazehe, salamu ya kuimba ya wanawake. Mmoja anaanzisha, anauliza habari za nyumba, za watoto, za mashamba, za goti na mgongo, na kila mara anarudia "amahoro?", yaani kuna amani? Mwingine anapokea: "n'amahoro". Bibi ndiye huanzisha siku zote na Bibi Ildefonsa ndiye hupokea. Nimekua nikiiona salamu hiyo kila wiki, na kama mjinga sikuwahi kuisikia.

Leo niliwaomba waimbe mbele ya maiki mbili, kila mmoja na yake. Walicheka mpaka wakakaa chini. Bibi Ildefonsa aliuliza kama maiki inauma. Walipoanza, nywele zilinisimama. Sauti ya Bibi inapanda na kushuka kama mtu anayejua njia yake vizuri. Nimesikiliza mara kumi na tisa tangu walipomaliza.

Jumatano, 25 Septemba

Kazi siku nzima. Nimeiweka sauti ya Bibi juu ya mapigo mia moja na thelathini kwa dakika, besi chini, na kile kinanda cha singeli kinachokimbia kama kuku aliyeona mwewe. Imekaa. Mungu wangu, imekaa!

Tatizo ni Bibi Ildefonsa. Anachelewa. Kila Bibi anapouliza "amahoro?", jibu lake linakuja nusu pigo nyuma, halikosi kuchelewa hata mara moja. Juu ya ngoma inasikika kama mtu aliyejikwaa. Nilijaribu kulisogeza mbele jibu lake, likaonekana la kubandika. Mwishowe nimemtoa. Nimeacha Bibi peke yake: amahoro? amahoro? amahoro? Inakuita mpaka miguu inacheza yenyewe.

Nilimsikilizisha Bibi kwa hedifoni. Alisikiliza yote, akazivua taratibu.

"Mbona niko peke yangu?"

"Ni kipande tu, Bibi. Muziki wa sasa huwa hivyo."

"Haya, mwananje," akasema, yaani mwanangu, akarudi kuchambua mchicha.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimeupandisha wimbo mtandaoni. Jina: "Amahoro?" Nimempa na Fabrice kwenye memori kadi.

Fabrice ni didjei wa Nyakanazi, kule Biharamulo, njia panda ya malori yote yaendayo Rwanda, Burundi na Mwanza. Ana spika nne, jenereta moja na mdomo wa watu sita. Nilisoma naye sekondari. Aliposikia wimbo alisema, "Clarisse, huu ukiwapa madereva, wiki ijayo uko Dar bila nauli."

Jumapili, 13 Oktoba

Maharage yamestawi. Bibi Ildefonsa alikuja, wakaimba, wakala ndizi. Watu elfu nne wameusikiliza wimbo.

Jumamosi, 19 Oktoba

Elfu tisini! Nimeandika kwa tarakimu kwenye kiganja ili nisijidanganye: 90,000.

Fabrice hakukosea. Dereva aliyekula chips Nyakanazi Jumanne amenipigia simu kutoka Morogoro, anasema kila kituo cha mafuta wanaupiga. Na mchana huu amepiga mtu anayeitwa Jeremia, wa kampuni moja ya muziki ya Dar. Sauti laini, haina haraka. Anataka kuutoa wimbo upya kwa jina la kampuni, na anataka nipande jukwaani Mwanza, tamasha la tarehe 14 Desemba. Mimi! Nilimwambia nitafikiri, nikakata simu, nikakimbia mpaka shambani, nikamwinua Bibi na jembe lake.

"Nishushe, utanivunja," akasema, lakini alikuwa anacheka.

Miaka saba nimekaa kwenye chumba cha maharage nikisubiri simu hiyo.

Jumapili, 27 Oktoba

Bibi Ildefonsa hakuja. Mvua ilikuwa kubwa.

Jumapili, 3 Novemba

Hakuja tena. Mvua haikuwepo. Bibi alikaa mlangoni tangu tulipotoka misa mpaka jua lilipogusa kilima. Ndizi zilipoa. Nilimuuliza kwa nini asiende yeye, akasema labda mwenzake ana wageni. Kanisani nilimwona Bibi Ildefonsa benchi la mbele. Alitoka kwa mlango wa pembeni.

Jumanne, 5 Novemba

Palizi. Mgongo umekufa. Jeremia ametuma mkataba kwa simu, kurasa kumi na moja. Nimesoma tatu.

Jumapili, 10 Novemba

Leo Jumapili ya tatu. Nilipoona Bibi anaviosha vikombe viwili kama kawaida, nilishindwa. Nikavuka bonde mwenyewe.

Bibi Ildefonsa alikuwa uani anamenya ndizi. Nikapiga goti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Hakuinua macho.

"Hujaja kwetu Jumapili tatu. Bibi anakusubiri."

"Nije kufanya nini? Francisca si anasalimia dunia nzima siku hizi? Hata madereva wa malori anawasalimia."

Nilicheka kidogo, nikidhani ni utani. Haukuwa utani. Aliweka kisu chini, akajifuta utomvu, ndipo akanitazama.

"Alhamisi moja mwezi uliopita nilikwenda sokoni Kanazi. Wimbo wako unapigwa pale kwa fundi simu. Francisca anaita: amahoro? Kimya. Anaita tena: amahoro? Kimya. Hapa kwetu nani asiyejua anayempokea Francisca ni nani? Watoto wakanifuata njia nzima. 'Amahoro?' wananiambia, halafu wanaziba midomo yao kwa mikono. 'Bibi Ildefonsa hajibu! Bibi Ildefonsa hajibu!' Na wajukuu zangu wamo."

"Bibi, sikuwa na nia mbaya. Ni kwamba jibu lako lilikuwa—"

"Siku niliyomzika mume wangu, Francisca alikuja. Hapa, uani hapa. Nilikuwa siwezi kusimama. Akanishika, akaanzisha, nami nikapokea. Nikapokea, Clarisse! Siku ile! Na leo wewe na mashine yako mmenifanya mtu asiyeitikia salamu."

Nilinywea. Ningependa kuandika kwamba niliomba radhi vizuri, lakini nilibabaika tu, nikasema habari za mapigo na besi, maneno ambayo hata mimi niliyaona ya kipuuzi yakiwa bado mdomoni.

"Wewe ni mtoto," akasema. "Sina neno na mtoto. Lakini Francisca aliusikia?"

"Aliusikia."

"Akasemaje?"

"Alisema... aliuliza mbona yuko peke yake."

"Halafu?"

"Halafu akanyamaza."

Akachukua kisu, akaendelea kumenya ndizi. Nilikaa pale mpaka karai likajaa.

Hasira zimenishika njia nzima nikirudi, na nimejaribu kuzielekeza kwake: kizee chenye kichwa kigumu, wimbo ni wimbo, dunia nzima inacheza yeye ananuna. Nilipofika nyumbani, Bibi aliuliza, "Mzima?" Nikasema mzima. Akaimwaga chai ya vikombe vile viwili.

Jumanne, 12 Novemba

Nimemwambia Bibi yote tukiwa kwenye palizi. Alisimama, akaegemea jembe. Nilidhani atanigombeza. Badala yake alinisimulia jambo ambalo sijawahi kulisikia, na mimi ni mjukuu wake wa kwanza.

Alipofika hapa mwaka 1972 alikuwa na miaka kumi na tisa, na mtu wake mmoja tu aliyebaki, kaka yake. Asubuhi anakwenda kuchota maji, anakutana na wanawake wa hapa. Kwao, mwanamke hapiti mwenzake njiani bila kumwimbia. Basi yeye akawa anaimba. Maneno walimwelewa, maana Kirundi na Kihangaza havipishani sana. Lakini upande huu hawakuwa na desturi ya kuimbiana njiani. Wengine walimcheka. Wengine walidhani uchungu wa vita umempanda kichwani. Wengine walipita tu.

"Nilisalimia hivyo wiki tatu, mwananje. Amahoro? Mtu anapita. Amahoro? Mtu anapita. Kaka akaniambia niache, najiaibisha. Nikasema nikiacha nitakuwa nimekufa kweli."

"Halafu?"

"Halafu Ildefonsa akatua mtungi."

Akashika jembe lake. Baada ya mstari mzima wa maharage ndipo aliposema, "Nilipousikia wimbo wako, nilijisikia niko tena kwenye njia ile. Nilitakiwa kusema. Nikaona umefurahi sana."

Nimeandika haya nikiwa nimekaa kwenye studio bila kuwasha chochote. Nimemrudisha bibi yangu mwaka 1972 na nimewafanya watu laki mbili wacheze juu yake.

Ijumaa, 15 Novemba

Jeremia amepiga. Nilimwambia nataka kuubadilisha wimbo, kurudisha sauti ya pili. Akacheka kwa upole.

"Dada Clarisse, wimbo unaokimbia haufanyiwi upasuaji."

Anataka sahihi yangu kabla ya mwisho wa mwezi.

Jumanne, 19 Novemba

Nimetengeneza wimbo wa kampeni wa mgombea uenyekiti wa kitongoji. Anataka jina lake litajwe mara arobaini. Nilimtajia thelathini na nane, akahesabu, akanirudisha.

Alhamisi, 21 Novemba

Mvua ya mawe. Bibi alitoka mbio kuwaingiza mbuzi, akateleza kwenye tope la uani, akaangukia goti. Nimempeleka zahanati kwa bodaboda nikiwa nimemshika kwa nyuma kama gunia, roho juu. Hakuvunjika, lakini hatatembea mwendo wowote mpaka mwaka mpya. Maharage ya shamba la juu yamelala chini. Ya chini yamepona.

Jumapili, 24 Novemba

Nimejifunza kazi yangu leo, baada ya miaka saba ya kuifanya.

Siku tatu hizi nilikuwa nairudisha sauti ya Bibi Ildefonsa kwenye wimbo. Niliichukua ile rekodi ya Septemba, nikalisogeza kila jibu lake mbele nusu pigo, moja baada ya jingine, majibu arobaini na sita. Safari hii nililainisha vizuri, hata mshono huuoni. Nilijipongeza. Baada ya misa nikavuka bonde na kompyuta na hedifoni kwenye mfuko wa unga.

Bibi Ildefonsa alikubali shingo upande. Nilimvika hedifoni juu ya kilemba. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilisubiri atabasamu.

"Huyu si mimi," akasema.

"Ni wewe, bibi. Sauti yako yenyewe, ile ya siku ile."

"Sauti ni yangu. Lakini mimi sijibu haraka hivi."

"Ulikuwa unachelewa kidogo, nikakunyoosha tu, ili—"

"Nani amekuambia nachelewa?"

Akavua hedifoni, akazishika mapajani.

"Sikiliza. Siku ile kwenye njia ya maji, sikuujua wimbo wake. Nilikuwa nimempita wiki tatu kama wenzangu, na kila nikimpita usingizi unakataa. Siku ile nikatua mtungi. Akaanza kuimba. Nifanye nini? Sijui pa kuingilia. Nikasubiri amalize, nikaokota neno lake la mwisho, nikamrudishia. Akaimba tena, nikasubiri tena, nikamrudishia. Yule msichana alilia mpaka nikaogopa. Akaniambia, 'Umesubiri.' Wimbo ule niliujua wote kabla ya mavuno, mimi si mjinga. Ningeweza kumuwahi. Tangu siku ile nasubiri makusudi. Nikimjibu haraka, atajuaje kama nimemsikia?"

Miaka saba kazi yangu ni kusikiliza, na sikuwa nimesikia kitu.

"Ukiweza kuisubirisha mashine yako, niweke," akasema. "Usipoweza, nitoe kabisa. Na Francisca mtoe."

Nikamwambia habari ya goti la Bibi. Alishtuka, nikamwona. Mkono wake ulikwenda kifuani.

"Mwambie pole."

"Njoo umwambie mwenyewe, bibi."

Alinirudishia hedifoni. "Alisikia, akanyamaza," akasema, akaingia ndani.

Ijumaa, 29 Novemba

Siku tano. Sijaoga kama mtu. Nilijaribu kumwacha Bibi Ildefonsa achelewe juu ya ngoma, ikawa vurugu. Nilijaribu kuipunguza kasi ngoma yote, ikawa wimbo wa mazishi. Leo asubuhi nikafanya jambo ambalo prodyuza yeyote angenicheka: Bibi anapouliza "amahoro?", nikakata kila kitu. Besi, singeli, kila kitu. Kimya kitupu. Muziki unasimama, unasubiri. Jibu la Bibi Ildefonsa linapokuja, kwa wakati wake anaoutaka mwenyewe, ndipo ngoma inaanguka juu yake yote kwa pamoja.

Nilipousikia mara ya kwanza nilipiga kelele. Bibi akaniuliza toka chumbani kama ni nyoka.

Nikamletea hedifoni kitandani. Safari hii hakuuliza kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaushika mkono wangu, akausikiliza tena.

Jumamosi, 30 Novemba

Jeremia ameusikia.

"Watu watadhani spika zimekufa," akasema.

"Wadhani."

"Clarisse, nakuheshimu. Una kipaji. Lakini wimbo wa kuchezea haumsubiri mtu. Ule wa kwanza watu wameshauzoea. Nipe ule, upande jukwaani Mwanza tarehe 14. Huu wa kusimama-simama baki nao Bugarama."

Nilimwomba dakika moja. Nilitoka nje nikiwa na simu mkononi. Nitasema kweli hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: niliitaka Mwanza. Nilikuwa nimeshaota viatu nitakavyovaa. Nilitazama njia inayoshuka bondeni, tupu, na nikaona aibu kwamba bado naitaka.

"Kaka Jeremia, ule wa kwanza haupo tena."

"Hujanielewa—"

"Nimekuelewa. Ahsante kwa yote."

Nikaingia ndani, nikaufuta mtandaoni. Watu laki tatu na elfu kumi na mbili walikuwa wameusikiliza. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Sikuwa nao. Nikabonyeza hivyo hivyo, nikaweka mpya, halafu nikalala mchana kweupe na viatu miguuni.

Jumatatu, 2 Desemba

Waliousikiliza mpya: sitini na mmoja. Mmoja ameandika, "Faili limeharibika?"

Jumatatu, 9 Desemba

Mvua inapungua. Fabrice anasema, kama Mwanza hawanitaki, Nyakanazi ipo. Jumamosi ni siku ya gulio. Ataweka spika kwenye uwanja wa malori saa nane mchana. Nilimwambia watanizomea. "Basi angalau watakuwa wamekujua," akasema.

Jumamosi, 14 Desemba

Naandika mbiombio, mwandiko usamehewe.

Jua kali, vumbi, nyanya, mitumba, malori ishirini hivi yamepangwa. Fabrice alinitambulisha kwa sifa ambazo mama yangu mwenyewe angezikana. Nilianza na singeli za kawaida, watu wakasogea. Kisha nikaupiga.

Wengi waliutambua, wakapiga mbinja. Sauti ya Bibi ikapanda juu ya malori. Amahoro?

Kimya.

Uwanja mzima ulisimama. Dereva mmoja akapayuka, "Fundi, spika!" Fabrice mwenyewe, aliyeusikia wimbo mara mia, aliinama kwenye waya kwa mazoea. Nikamshika mkono. Halafu Bibi Ildefonsa akajibu, na ngoma ikaanguka, na nikaona watu wamerushwa juu kama wamesukumwa toka chini.

Mara ya pili ya kimya, walicheka. Mara ya tatu hawakucheka. Muuza chips alikuwa ameinua kijiko chake, hakukishusha. Mwanamke mwenye beseni la samaki kichwani alisimama shingo imenyooka. Uwanja wa malori wa Nyakanazi, siku ya gulio, ukasubiri! Mara ya tano walijibu naye. Na wale waliowahi kujibu kabla yake, walizomewa na wenzao. "Ngoja! Ngoja bibi!" Mpaka mwisho walikuwa wanangoja vizuri kuliko mimi.

Niliurudia mara nne. Madereva walipanga mstari na memori kadi zao. Nililia mbele za watu, na Fabrice alinipiga picha, mshenzi yule.

Jumatano, 18 Desemba

Jeremia. Ameona video ya Nyakanazi.

"Nitumie ule."

"Upi?"

"Ule unaosimama. Sijasema ndiyo. Kuna jukwaa jingine Februari, nataka nisikilize tena."

Nimemtumia. Nimemwambia akikata hata nukta moja ya kile kimya, tusijuane.

Ijumaa, 20 Desemba

Tunang'oa maharage ya shamba la chini. Nimekutana na mjukuu wa Bibi Ildefonsa mtoni. Anasema watoto wa Kanazi wamebadilisha mchezo: wakimwona bibi yake wanamwita "amahoro?", halafu wanasimama wima mahali walipo, hawatikisiki, mpaka awajibu. Jana alikawia makusudi, wakakaa juani mpaka mmoja akakojoa kwa kucheka.

Nikamuuliza, "Na yeye anafanyaje?"

"Anajifanya amekasirika."

Jumapili, 22 Desemba

Baada ya misa tulikuwa uani, maharage yameanikwa, Bibi kwenye mkeka na mguu wake ameunyoosha, anapepeta. Mimi natwanga kisamvu. Nikainua kichwa, Bibi Ildefonsa alikuwa amesimama mwisho wa ua na kikapu mkononi.

Nilimtazama Bibi. Wote tunajua utaratibu: Bibi huanzisha. Akaweka ungo chini. Akafungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Akajaribu tena, akainamisha kichwa akayatazama maharage. Sijawahi kumwona bibi yangu akikosa salamu. Alikuwa na aibu, nami niliyemtia aibu hiyo nilikuwa nimekaa pale na mchi mkononi, sijui niende wapi.

Bibi Ildefonsa alisubiri. Alisubiri sana, zaidi ya alivyowahi kusubiri. Kisha akatua kikapu, akaja, akapiga magoti kwenye mkeka kati ya maharage, akamshika Bibi mabega yote mawili. Na akaanzisha.

Yeye! Aliingilia chini mno, akalazimika kupanda katikati, akasahau habari za mashamba akaruka moja kwa moja kwenye goti. Miaka hamsini na miwili ya kupokea, hajawahi kuanzisha hata siku moja. Sauti ilikuwa nyembamba na imekwaruza, na ilipofika mwisho ikapanda na kuuliza: "Amahoro?"

Bibi aliinua uso wake umelowa machozi. Alimwacha mwenzake amalize mpaka pumzi ya mwisho. Hakumuwahi. Alisubiri nusu pigo, ndipo akapokea.